Novemba 9 nayo ni sikukuu yetu

Julai 13 ikifika, kila kijana wa toleka, baiskeli ya abiria, anayesimama kwenye meza yangu ya kujaza nyimbo kwenye flashi, hapa Mangobo, Kisangani, anataka nyimbo za Koffi Olomidé. Wanajua alizaliwa mjini humu siku hiyo, mwaka 1956. Sina ugomvi nao. Unga wangu unatoka kwao. Ila Novemba 9 hupita bila flashi hata moja kuniulizia Abeti Masikini.

Mwimbaji huyo naye ni wa hapa, aliyezaliwa siku hiyo mwaka 1954, mji ukiitwa bado Stanleyville. Baba yake, Jean-Pierre Finant, rais wa kwanza wa Jimbo la Orientale, aliuawa 1961. Binti huyo aliimba katika ukumbi wa Olympia, Paris, mwaka 1973, na mwaka uliofuata Carnegie Hall, New York. Mwimbaji Mbilia Bel alianza kwa kumwitikia yeye jukwaani. Abeti alifariki 1994, hajatimiza miaka 40.

Ikiwa Abeti tumemsahau, nani atamkumbuka ndugu yake Abumba, mpiga gitaa wa bendi yake, Les Redoutables?

Redio zetu zitenge saa moja siku hiyo, na watangazaji wataje wapigaji, si mwimbaji peke yake. Wanamuziki wazee wa mitaa ya Makiso na Tshopo waulizwe tarehe zao, waalikwe studio wangali hai. Hotuba tamu za matanga marehemu hazisikii.

Mimi naanza na kilicho mkononi mwangu: Novemba 9, kila atakayeleta flashi atajaziwa wimbo mmoja wa Abeti bure, apende asipende.