Uduvi wa Mono Wanadai Maji Yao

Ziwa Mono, mashariki mwa California, halina samaki hata mmoja. Maji yake yana chumvi zaidi ya mara mbili ya bahari, na magadi yamekolea hata yanateleza mkononi. Wenyeji wake wakuu ni nzi wa ufukweni na uduvi wa sentimita moja, Artemia monica, waliotambuliwa na wanasayansi tangu 1869. Wakati wa kiangazi uduvi hao hukadiriwa kufikia trilioni 4 hadi 6.

Wapo wataalamu wanaowaona kuwa tawi tu la uduvi wa kawaida wa Marekani. Wabishane watakavyo, lakini mayai yao yana mwendo wa pekee. Kwenye Great Salt Lake, jimboni Utah, mayai ya uduvi huelea, yakakusanywa na kuuzwa kuwa chakula cha vifaranga vya samaki na kamba. Ya Mono huzama. Hulala topeni majira yote ya baridi, na bila miezi kadhaa ya baridi hiyo hayaanguliwi. Masika yakifika, kizazi kipya hutoka na kuanza kula mwani. Kufikia vuli wazazi wamekwisha taga, na baridi inawamaliza.

Katikati hapo ndipo ndege wanapokuja. Kibisi shingo-nyeusi, ambaye huonekana pia kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, hukusanyika Mono kwa mamia ya maelfu, na miaka mingine hupita milioni. Hula uduvi mpaka uzito wao unaongezeka maradufu na misuli ya kurukia inanywea, wakawa hawawezi kuruka kabisa. Uduvi wakipungua, hufunga kula, misuli hurudi, ndipo huondoka. Ndege aliyejifunga kwa mlo mmoja namna hiyo hana pa kukimbilia mlo ukikosekana.

Na ulikaribia kukosekana. Mwaka 1941 jiji la Los Angeles lilianza kuchepusha mito inayolisha ziwa. Kufikia 1982 kina kilikuwa kimeshuka kwa takriban mita 14, nusu ya maji imetoweka, na chumvi imepanda kutoka gramu 50 hivi kwa lita hadi karibu 100. Uduvi anayeishi kwenye chumvi kali hutumia nguvu nyingi kuitoa mwilini, hivyo hukua polepole na kutaga kidogo. Mwaka 1979 kisiwa cha Negit kiliungana na nchi kavu. Mbweha wa huko, koyote, wakavuka na kuwafukuza shakwe waliokuwa wakiatamia.

Mahakama Kuu ya California iliamua mwaka 1983, kwa kesi iliyofunguliwa na National Audubon Society, kwamba serikali inashika maji hayo kwa dhamana ya umma. Mwaka uliofuata bonde la Mono likatangazwa eneo la hifadhi. Lakini hifadhi ya ardhi haimwongezei uduvi tone la maji. Uamuzi wenye meno ulikuja 1994, pale bodi ya maji ya jimbo ilipoagiza ziwa lipandishwe hadi mita 1,948 juu ya usawa wa bahari. Ilitarajiwa kazi hiyo ichukue miaka 20 hivi. Hadi leo kipimo hicho hakijafikiwa, na jiji bado linaruhusiwa kuchota.

Kupandisha maji nako kuna utata wake. Mwaka 1995 maji baridi mengi yaliingia ghafla, yakatanda juu ya yale mazito ya chumvi. Rutuba ikanaswa chini, mwani ukapungua, na uduvi pia, kwa miaka kadhaa. Hilo lilikuwa la kupita; ukame wa kutengenezwa na mabomba haupiti wenyewe.

Los Angeles inatumia maji kidogo kuliko ilivyotumia miaka ya 1970, ingawa wakazi wameongezeka kwa zaidi ya milioni moja. Yanayotoka Mono ni chini ya asilimia 5 ya mahitaji yake. Jiji lenye uwezo huo linaweza kuacha kuchota mpaka kina kilichoagizwa 1994 kifikiwe, na bodi iliyoweka kipimo hicho ndiyo yenye mamlaka ya kulilazimisha.