Mvua ya kwanza na bakuli la kumbikumbi

Oktoba inapokaribia kwisha, Kibondo hubaki na vumbi jekundu na ghala lililopungua. Mzazi anawaza mbegu, mbolea na madaftari ya shule, hadi watoto wanaanza kuogopa kumsogelea jioni.

Kisha mvua ya kwanza inanyesha. Udongo unanukia, bati linavuma, na kumbikumbi wanatoka kwenye kichuguu. Watoto wanawazoa kwa beseni. Bibi anawakaanga bila mafuta, maana wana mafuta yao wenyewe, anapepeta mbawa kwa ungo na kutia chumvi kidogo. Nyumba nzima inakula kwenye bakuli moja.

Mvua hiyo haikujaza ghala wala kupunguza bei ya mbolea. Lakini mtoto anayemwona baba akiweka jembe chini ili aonje, kisha akisema "Ahsante, mama," anajifunza kwamba shukrani haingoji mavuno.

Usiku huo, kabla ya kulala, kila mmoja ataje jambo moja lililomfurahisha. Mzazi ndiye aanze. Mdogo akitaja kumbikumbi aliyemponyoka mkononi, naye asikilizwe mpaka amalize. Jembe litakuwepo kesho.