Gari la zamani libebe mazao, lakini breki zake zifanane

MSIMU wa mavuno unapofika katika mkoa wa Dodoma, si kila gunia linalotoka shambani hupakiwa kwenye gari jipya. Bado zipo Land Rover za miaka ya sitini na sabini zinazobeba mahindi, alizeti, karanga na zabibu kutoka vijijini hadi sokoni. Baadhi zilikaa chini ya mti kwa miaka mingi, zikanunuliwa kwa bei ya chuma chakavu, kisha zikafufuliwa na fundi wa mtaani.

Kiuchumi, uamuzi huo hauna kasoro. Mkulima au mfanyabiashara mdogo asiye na uwezo wa kununua pikapu mpya anapata chombo cha kazi ambacho injini yake haina kompyuta, bodi yake ya alumini haili kutu kwa urahisi, na fundi wa kijijini anaifahamu. Tatizo linaanza pale fedha inapopungua. Mwenye gari hulipa kwanza injini, giaboksi, matairi na rangi. Breki hubaki za mwisho, nazo hukamilishwa kwa spea yoyote iliyopatikana, ilimradi imeingia.

Hapo ndipo hatari ilipo. Spea kuingia mahali pake si ushahidi kwamba ndiyo yenyewe.

Land Rover za matoleo ya pili na ya tatu zinafanana sana kwa macho, lakini breki zake si moja. Ile fupi, yaani 88, kwa miaka mingi ilitumia ngoma za inchi 10, na kila gurudumu la mbele lilikuwa na silinda moja. Ile ndefu, 109, ina ngoma za inchi 11 na silinda mbili kwa kila gurudumu la mbele. Silinda hizo mbili zimepangwa ili breki shuu zote zijikaze zaidi gari linapokwenda mbele, na za kushoto si za kulia. Fundi akizibadilisha pande, gurudumu litafungwa vizuri na gari litatembea, ila nguvu ya kusimama itapungua sana.

Ukubwa wa silinda nao una hesabu yake. Pedali inapokanyagwa, mafuta ya breki husukuma kila silinda kwa mkandamizo uleule. Silinda ya kipenyo cha inchi 1 na robo ina eneo linalozidi lile la inchi 1 kwa asilimia 56. Maana yake, kama kushoto imefungwa moja na kulia nyingine, upande mmoja unakamata kwa nguvu ya mara moja na nusu kuliko mwenzake. Gari tupu huenda likavuta kidogo tu. Likiwa na mzigo, kwenye vumbi au mteremko, linaweza kugeuka ghafla.

Masta silinda hufuata kanuni hiyo hiyo. Ikiwa kubwa kuliko inavyotakiwa, pedali inakuwa ngumu kama jiwe na gari halisimami vizuri. Ikiwa ndogo mno, pedali inazama kabla breki hazijakamata. Dereva hulaumu upepo kwenye paipu, fundi anautoa mara tatu, na hali inabaki ileile.

Kosa jingine linajificha kwenye nati za paipu. Magari ya Kiingereza ya zamani yalitumia nyuzi za vipimo vya inchi, na spea nyingi za leo ni za milimita. Nati ya inchi tatu ya nane ina upana wa milimita 9.5, hivyo inaweza kuingia kwenye tundu la milimita 10 na kuonekana imeshika. Siku dereva atakapokanyaga kwa nguvu kumkwepa ng'ombe, nati hiyo inaweza kuchomoka na mafuta yote yakamwagika. Nati inayocheza tundu lake, au inayohitaji kulazimishwa, ni dalili kwamba vipimo viwili tofauti vimekutanishwa.

Mafuta yenyewe hayana mbadala. Masta silinda na silinda za magurudumu zina raba zilizotengenezwa kwa ajili ya mafuta maalumu ya breki. Mafuta ya injini au ya haidroliki ya trekta huzivimbisha raba hizo hadi breki zikang'ang'ania au zikaacha kufanya kazi. Anayejaza kopo la mafuta ya trekta ili aokoe shilingi chache atalazimika kubadilisha raba za mfumo mzima.

Mwenye gari hahitaji cheti cha ufundi ili kugundua mambo haya. Kwanza, afike gereji wakati magurudumu yamefunguliwa na alinganishe kushoto na kulia kwenye ekseli moja: silinda zifanane ukubwa na maandishi yaliyochorwa juu yake, breki shuu zifanane upana, lainingi ziwe za aina moja na unene mmoja, na ngoma zipimwe kipenyo cha ndani. Ngoma moja iliyochongwa mara nyingi na nyingine mpya haziwezi kukamata sawa. Pili, gari linyanyuliwe kwa jeki na kila gurudumu lizungushwe kwa mkono kabla na baada ya pedali kukanyagwa. Tatu, lijaribiwe mahali pa wazi, kwa mwendo mdogo, bila mzigo. Likivuta upande mmoja, lirudi gereji. Nne, baada ya safari fupi, mkono usogezwe karibu na kila ngoma bila kuigusa. Kwenye ekseli moja, ngoma yenye moto kuliko mwenzake imeng'ang'ania, au ile ya baridi haifanyi kazi.

Vumbi lililomo ndani ya ngoma lisipulizwe kwa upepo wa kompresa. Lainingi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa.

Wapo watakaosema kununua spea kwa jozi ni gharama kubwa. Hesabu inasema vinginevyo. Land Rover 109 imekusudiwa kubeba takriban tani moja, yaani magunia kumi ya kilo 100. Wakipakia lumbesa zinazozidi kwa kilo 30 kila moja, wameongeza kilo 300, sawa na magunia matatu ambayo breki hazikuandaliwa kuyabeba. Gari hilo likipinduka kwenye miteremko ya Mpwapwa au vilima vya Kondoa, kinachopotea ni mzigo wa msimu, gari lenyewe, pengine mkopo wa SACCOS uliolinunua, na zaidi ya vyote maisha ya watu waliokaa juu ya magunia. Bei ya silinda ya pili haiwezi kuwekwa kwenye mizani na hasara hiyo.

Mkoa huu una somo lake la kale kuhusu mashine zilizokusanywa bila kujali spea. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa. Matrekta mengi yalikuwa masalia ya vita, na hata vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mashine ziliharibika kwa wingi na spea zikawa shida. Ukame na udongo mgumu navyo vilichangia, na mradi ukaachwa mwaka 1951 baada ya kutumia zaidi ya pauni milioni 30. Serikali tajiri iliweza kuibeba hasara hiyo. Mkulima mwenye Land Rover moja hawezi.

Kwa hiyo kila mmoja ana wajibu. Mwenye gari aende dukani na spea ya zamani mkononi, asiende na jina la gari pekee, na anunue za kushoto na kulia kwa pamoja. Muuza spea aandike kipimo kwenye risiti na akubali kurudishiwa kitu kisicholingana. Fundi akatae kufunga vipande visivyofanana, hata kama mteja ana haraka ya kuwahi soko la Kibaigwa. Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani ziendelee kuzibana spea bandia hadi kwenye maduka ya wilayani. Nao askari wa usalama barabarani wakumbuke kuwa stika kwenye kioo haisimamishi gari.

Land Rover kuukuu bado inaweza kumtumikia mkulima kwa miaka mingi. Sharti ni kwamba fedha ya kwanza ya kuifufua iende kwenye breki, na rangi isubiri mavuno yajayo.