Mbuzi wa watoto wanapogeuka mifugo ya nyumba

Katika nyumba nyingi za Kwamsisi, wilayani Handeni, mbuzi wa kwanza haletwi kwa ajili ya biashara. Babu amempa mjukuu wake, au mama yake mbuzi amekufa na kitoto kimebaki kinanyonyeshwa kwa chupa. Watoto wanampa jina, mchana wanamfunga kamba chini ya mchungwa, na jioni wanamwingiza ndani asije akaibwa. Hapo hakuna anayemwita mfugo. Ni mwenzao wa kucheza.

Kisha hesabu inaanza kwenda yenyewe. Mbuzi jike hubeba mimba siku 150 hivi, yaani miezi mitano, na mara nyingi huzaa mapacha. Akitunzwa vizuri anaweza kuzaa mara tatu katika miaka miwili, na binti zake hushika mimba kabla ya kutimiza mwaka. Familia iliyoanza na wawili inajikuta na kumi na kitu, bila kikao hata kimoja cha kuzungumzia ufugaji. Baba ameshaongea na mnunuzi anayepeleka mbuzi Dar es Salaam, mama anakamua maziwa ya chai, na mtoto analia kwa sababu beberu aliyemlea kwa chupa ndiye atakayelipia sare za shule.

Kilio hicho si cha kuchekwa. Ni afadhali mtoto aambiwe mapema, mbuzi angali mdogo, nani atabaki na nani atauzwa, kuliko kurudi kutoka shule na kukuta kamba tupu.

Lakini jambo linalosahaulika zaidi ni mazoea. Mbuzi wameongezeka, ila nyumba inaendelea kuishi nao kama wakati ule walipokuwa wawili. Wanalala chumba kimoja na watoto. Maziwa yanaonjwa yakiwa ya moto kutoka kwenye kiwele. Mbuzi akipata shida ya kuzaa, anayemsaidia ni yeyote aliye karibu, kwa mikono mitupu.

Kisiwa cha Malta kililipia mazoea kama hayo. Miaka ya 1880 askari wa Uingereza waliokuwa huko waliugua homa ndefu isiyoeleweka. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, akatambua kijidudu kinachoisababisha. Ilichukua karibu miaka 20 zaidi hadi Themistocles Zammit, daktari wa kisiwa hichohicho, alipoonyesha kwamba kijidudu hicho kinakaa ndani ya mbuzi wanaoonekana wazima kabisa, na kinatoka na maziwa yao. Maziwa hayo yalipoondolewa kwenye chakula cha askari mwaka 1906, homa ikashuka kwa kasi.

Ugonjwa huo ni bruselosisi, ambao wafugaji wengi wanaujua kama ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu usioisha. Dalili hizo mtu wa Tanga akizipata, neno la kwanza kinywani ni malaria. Si kosa, kwa kuwa malaria ipo na inaua, hivyo ipimwe kwanza. Tatizo ni kumeza dawa ya malaria mara ya pili na ya tatu wakati kipimo hakikuonyesha kitu. Katika utafiti uliofanyika kwenye hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008, kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, 528 walidhaniwa kuwa na malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Miongoni mwa magonjwa yaliyobainika kwa wengine ni bruselosisi.

Kwa hiyo mzazi anapofika zahanati, aseme bila kuulizwa: nyumbani tuna mbuzi, na maziwa yao tunakunywa. Sentensi hiyo inaweza kubadili kipimo kitakachoagizwa. Tiba ipo, ila huchukua wiki sita hivi za dawa zaidi ya aina moja, na wengi huziacha wanapopata nafuu.

Nyumbani, maziwa yachemshwe mpaka yatokote, hata yale ya kugandisha mtindi. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe maziwa ya mbuzi badala ya ya mama, kwa sababu yana upungufu mkubwa wa foleti, na upungufu huo huleta ukosefu wa damu. Mbuzi akitupa mimba, mama mjamzito akae mbali. Atakayesafisha avae glavu, kondo la nyuma lifukiwe shimo refu mbwa wasilifikie, na ofisa mifugo apewe taarifa.

Banda nalo halihitaji fedha nyingi. Fito zinatosha: sakafu iinuliwe kutoka ardhini na kuachiwa nafasi ndogondogo, kinyesi kidondoke chini na mbuzi walale pakavu. Mbolea iozeshwe kwanza kabla ya kwenda kwenye mchicha. Beberu abadilishwe kwa beberu wa ukoo mwingine kabla hajaanza kupanda binti zake, na anayekuja atengwe kwa wiki kadhaa akichunguzwa.

Kazi ya kuchunguza wapewe watoto. Wao ndio wanaowajua mbuzi wote kwa majina, na huwa wa kwanza kuona kwamba mmoja leo hajala.