Karatasi ya Tabia Darasani

Ndugu walimu, imezuka desturi ambayo hatuwezi kuinyamazia. Katika shule moja ya hapa Bujumbura, tusiyopenda kuitaja, wanafunzi walijibishwa maswali, wakagawanywa jozi kwa jozi: huyu wa ndani, yule wa nje, huyu wa kufikiri, yule wa moyo. Tangu siku hiyo mtoto "wa ndani" haitwi tena kwenye mjadala.

Hiyo ni elimu iliyookotwa njiani. Carl Jung, daktari wa Uswisi, alipochapisha kitabu chake juu ya aina za nafsi mwaka 1921, alieleza kazi nne za akili: kufikiri, kupima thamani kwa moyo, kutambua kwa milango ya fahamu, na kung'amua yasiyoonekana. Kila mtu anazo zote nne. Moja hutangulia, nyingine huisaidia, na iliyo kinyume cha ile ya kwanza hubaki changa. Undani na unje ni upande ambao kazi hizo huelekea, wala si vyumba viwili vya kufungia watu.

Jozi ya nne, ya kuamua na kupokea, iliongezwa baadaye na Wamarekani Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers. Nayo huonyesha ile kazi inayoelekea nje. Basi kwa mtu wa ndani, tunachokiona ni msaidizi tu. Aliyetangulia yumo ndani. Mwalimu amepokewa barazani na mdogo mtu, akaondoka akidhani ameonana na mwenye nyumba!

Tena nadharia yenyewe haijathibitika. Wengi wakirudia maswali baada ya wiki chache hupata jibu jingine. Na lugha je? Mtoto wa Buyenzi, aliyekulia katika Kiswahili, husema bila kusita. Mwenzake aliyetoka vilimani na Kirundi chake hunyamaza katika somo letu, kisha saa ya Kirundi hamnyamazishi. Karatasi imemwandika mkimya kwa maumbile.

Tunadai karatasi hizo ziondolewe katika majalada ya wanafunzi. Jung mwenyewe alifika Kenya mwaka 1925, akakaa Mlima Elgon, akizungumza na wenyeji kwa Kiswahili cha kubabaisha, kamusi ndogo mkononi. Laiti angelikalia dawati darasani mwetu siku zile, tungelimwandika mtu asiyefaa mjadala.