Kanda Hufutwa, Daftari Hubaki



Wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, mzazi mmoja wa mtaani kwetu hapa Mabibo alitusubiri penye viatu akiwa na kitabu kidogo kilichochakaa. "Katibu," alisema, "hebu nitazamie hiki. Kijana wangu amekinunua kwa wauza vitabu vya mtumba. Naona vyombo vya angani na mtu mwenye masikio yaliyochongoka. Haya ni ya kusoma mtoto wa Kiislamu?" Tulimwomba atuachie siku mbili. Kwa kuwa swali lake ni la wazazi wengi, tumeona tuwashirikishe wasomaji wa ukurasa huu.

Kitabu hicho ni cha James Blish, mwandishi wa Kimarekani, na kilitoka mwaka 1967. Kina hadithi saba fupi zilizotokana na mchezo wa runinga wa Star Trek, ulioanza kuonyeshwa Marekani Septemba 1966. Blish alikuwa akipelekewa miswada ya mchezo, naye akiigeuza kuwa masimulizi. Ndiyo maana baadhi ya hadithi zake hazifanani sawasawa na zilivyoonyeshwa. Mfululizo huo ulifika vitabu 12. Mwandishi alifariki mwaka 1975, na kitabu cha mwisho kikakamilishwa na mkewe.

Uingereza nako palikuwa na Doctor Who, mchezo ulioanza Novemba 1963. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1964, na tangu mwaka 1973 vitabu vya Target vikaenea kwa watoto wa huko. Mwandishi mmoja, Terrance Dicks, aliandika zaidi ya 60 peke yake. Sababu ya wingi huo ni nyepesi kuielewa. Video za majumbani zilikuwa bado hazijaenea, na hadithi ikishapita runingani imepita. Zaidi ya hayo, shirika la BBC lenyewe lilizifuta kanda nyingi ili zitumike tena, kwa kuwa zilikuwa ghali na nafasi ya kuzihifadhi ilikuwa finyu. Hadi leo sehemu zaidi ya 90 za miaka ya 1960 picha zake hazijapatikana. Yaliyomo tunayajua kwa sauti zilizorekodiwa na watazamaji majumbani mwao, na kwa vile vitabu vya bei nafuu ambavyo wengi walividharau.

Liko pia la kumfurahisha Mswahili. Katika Star Trek yumo afisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi aitwaye Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina hilo limetokana na neno letu "uhuru". Jina lake la kwanza, Nyota, lilianzia katika kitabu cha mwaka 1982, likasubiri hadi filamu ya mwaka 2009 ndipo likasikika kwenye skrini. Kiswahili kilifika huko juu mapema, wakati huku Bara tulisubiri runinga yetu hadi mwaka 1994.

Sisi si mufti. Fatwa ina wenyewe. Tulichomwambia mzazi ni ushauri wa jirani. Kwanza, akisome yeye kabla ya kukirudisha. Pili, aketi na kijana wamtenganishe msimulizi na mwenye kuitakidi: hadithi ya kubuni ni hadithi, na panapogusa aqida yetu paelezwe waziwazi badala ya kufichwa. Tatu, kisichukue nafasi ya Qur'ani wala ya masomo ya shule. Tukaongeza kwamba kitabu hufungwa adhana inapolia, lakini kijana aliyeketi kwenye kibanda umiza wakati wa Magharibi, filamu ikiwa katikati na kiingilio ameshalipa, hatoki kirahisi.

Mzazi aliridhika. Sisi ndio tuliokosa usingizi, kwa sababu ya zile kanda zilizofutwa.

Marehemu imamu wetu alidarsisha tafsiri kila Ramadhani kwa miaka mingi. Darsa zilirekodiwa na kanda kuwekwa kabatini. Tulipokabidhiwa ukatibu tulizitafuta. Nyingine zilikuwa zimeharibiwa na unyevu, na nyingi zilikuwa zimerekodiwa mambo mengine juu yake. Moja tuliifuta sisi wenyewe, tukiwa vijana wa madrasa, tulipohitaji kanda ya kaswida za Maulidi. Hatukuwa na nia mbaya. Kila mtu alidhani mwenzake anayo nakala. Twamwomba Allah atusamehe.

Kilichosalimika kimo katika kaunta buku tatu za bibi mmoja aliyekuwa akiketi nyuma ya pazia, akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa utotoni. Si maneno yote ya imamu. Mahali pengine ameandika tu kwamba mvua ilipiga bati na hakusikia. Tulipomuuliza kwa nini aliandika, alijibu: "Nilikuwa nasahau, mwanangu."

Hatulinganishi Kitabu cha Allah na maneno ya viumbe. Lakini funzo tunalo tangu zamani: baada ya mahafidhi wengi kuuawa katika vita vya Yamama, Sayyidna Abubakar, radhi za Allah ziwe juu yake, alimwamuru Zayd bin Thabit aikusanye Qur'ani kwa maandishi. Ikiwa Maswahaba, kwa nguvu za hifdhi waliyojaaliwa, walihofia kupotea kwa elimu, sisi wa kutegemea simu zinazojaa na kufutwa kila mwezi tuna hoja gani?

Kamati imeanza kuzinakili kaunta buku hizo kila Jumamosi baada ya Alasiri. Tunahitaji wenye kusoma hati ya Kiarabu na vijana wa kuchapa. Mwenye kanda ya darsa hizo nyumbani, hata iliyokatika, tafadhali asiitupe. Mzazi wa kile kitabu tulimwomba atuletee kijana wake, kwa kuwa anapenda kusoma. "Atakuja, Katibu," alisema, "ila amalize mitihani kwanza."

Tutamsubiri, inshaallah. Bibi ana umri mkubwa, na mwandiko wake mahali pengine hakuna aujuaye ila yeye.

Wabillahi tawfiq.