Mbege Isafirishwayo Mbali



Wengi wetu tuliohamishwa mbali na Kilimanjaro hatuwezi kuoza binti pasipo mbege. Basi twaagiza kwa mama zetu, nayo hutiwa katika mapipa, mifuniko ikakazwa kwa nguvu, ikasafiri usiku kucha hadi Dar es Salaam. Hapo ndipo penye kosa. Mbege ni kitu kilicho hai. Huendelea kuchacha njiani, na hewa yake isipopata pa kutokea hufumua mfuniko. Mwaka jana pipa la harusi ya mdogo wangu lilifumuka ndani ya basi, penye mizigo ya watu. Nalilipa magodoro mawili, na wazee wakakaa na kata tupu mikononi.

Wako wasemao heri kununua bia ya chupa. Siafikiani nao, kwa maana mzee wa Kichaga hubariki kwa kata.

Rai yangu ni kwamba maji ya ndizi yaliyochacha yasafiri peke yake, pipa lisijazwe wala mfuniko usikazwe. Unga wa kimea cha ulezi usafiri mkavu, uji wake upikwe huku huku, vichanganywe siku ya kuamkia sherehe. Pipa lililopata kutiwa mafuta ya taa lisiguswe, hata likioshwa mara saba. Wakati wa kunywesha ikorogwe kwanza, maana ulezi hushuka chini, na achotaye juu juu huwapa wageni maji.

Tena mama mpishi aje pamoja na vitu vyake. Nauli yake haifikii bei ya magodoro yale.